Baraza na uzio wa mbao Pwani: kuchagua rangi, kupaka na kutunza

Mbao haziozi kwa kuloa. Zinaoza kwa kukosa kukauka. Kuvu wanaoozesha huanza kazi pale ubao unapokaa muda mrefu na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi ya uzito wake, na hapa Pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ubao uliokauka vizuri kivulini hutulia kwenye asilimia 14 hadi 17 hata kama haujaguswa na tone la mvua. Nafasi iliyobaki ni ndogo. Masika ikiingia, ubao unapita mpaka huo kwa siku chache tu, na swali la maana ni utarudi chini lini. Kwa hiyo mpako mzuri si ule unaozuia maji peke yake. Ni ule unaoruhusu yaliyoingia yatoke, na unaoweza kurudiwa bila kukwangua kila kitu upya.

Mafundi wa majahazi walikuwa na mfumo wao. Juu ya maji walipaka sifa, mafuta ya papa, yanayoingia ndani ya ubao. Chini ya maji walipaka deheni, yaani shahamu na chokaa. Na kila chombo kilipopandishwa pwani, kazi ilirudiwa. Hakuna aliyetegemea mpako mmoja wa kudumu, na hadi leo mpako huo haujapatikana, hata kopo liandikwe nini.

(Baraza tunayoizungumzia hapa ni ile sakafu ya mbao ya nje ambayo hotelini huiita deki. Si deki ya kupiga kwa tambara, ingawa hiyo nayo itahitajika.)

Utando au kupenya

Mipako yote ya mbao imegawanyika makundi mawili. Lipo kundi linalotengeneza utando juu ya ubao: vanishi, rangi ya mafuta ya kung'aa, rangi ya maji. Lipo lingine linaloingia kwenye nyuzi na kuacha uso wa ubao ukionekana na kuguswa: mafuta ya mbao ya nje, na kinga za mbao zenye rangi kidogo.

Vanishi angavu ndiyo inayovunja mioyo ya watu wengi. Siku ya kwanza inapendeza kuliko kitu chochote. Lakini mionzi ya jua hupita ndani yake kama inavyopita kwenye kioo na kuharibu lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za juu za ubao. Vanishi inabaki imeshikana na tabaka la nyuzi zilizokufa. Hapo ubao unavimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua, utando unapata nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia chini yake na hayana pa kutokea. Utaona madoa meupe, kisha malengelenge, kisha magamba. Kurekebisha maana yake ni kukwangua hadi ubao mtupu. Vanishi ibaki kwenye milango iliyo chini ya paa na kwenye viti vya ndani. Kwenye sakafu ya nje isipakwe kabisa.

Kinachofaa kwa baraza ni mafuta ya kupenya yenye chembe za rangi. Chembe hizo ndizo kivuli cha ubao: kadiri rangi inavyokolea, ndivyo jua linavyozuiwa. Mafuta yasiyo na rangi yatazuia maji kwa miezi michache, lakini ubao utageuka kijivu vilevile. Ila usikimbilie rangi nyeusi au kahawia nzito kwenye sakafu isiyo na paa, kwa sababu saa saba mchana hakuna atakayeikanyaga bila viatu. Kahawia ya wastani, ya asali iliyoiva, inatosha.

Uzio ni habari nyingine. Haukanyagwi, maji hayatuami juu yake, na jua huupiga kwa mshazari. Hapo rangi nzito ya maji ya akriliki inayoficha kabisa nyuzi hufanya kazi vizuri na hukaa muda mrefu kuliko mafuta. Akriliki hupitisha mvuke zaidi kuliko rangi ya mafuta ya kung'aa, kwa hiyo unyevu unaopandishwa na nguzo kutoka ardhini haurundikani chini ya utando. Ukitaka uzio mweupe, kumbuka kwamba mninga, mkongo na mvule vina utomvu na rangi za asili zinazoyeyuka kwa maji. Mkongo hutoa umanjano, mninga wekundu wa kahawia. Bila rangi ya kwanza ya kuzuia madoa, michirizi itajitokeza katika mvua ya kwanza.

Mafuta ya kitani (linseed) yana wapenzi wengi na ni ya bei nafuu, lakini katika hewa yenye unyevu ukungu huyala kama chakula. Yale mabichi hubaki yananata kwa siku nyingi. Ukiyatumia, chukua yaliyochemshwa, yapunguze kwa tarpentaini nusu kwa nusu, na usitarajie yakae safi masika nzima kwenye kivuli.

Oili chafu ya gari ni suala la kusemwa wazi kwa sababu inapakwa kila mahali. Haikauki, kwa kuwa haikutengenezwa kukauka. Inachafua nguo, inashuka kwenye udongo na kuharibu mimea na maji, ina metali za sumu kutoka kwenye injini, na ubao uliopakwa hauwezi tena kushika rangi yoyote. Mchwa huukwepa kwa muda, kisha hurudi.

Ubao wenyewe

Msaji (mtiki), mvule, mkongo na mninga zina ulinzi wake kwenye moyo wa mti, sehemu ya rangi nzito. Ile pembe nyeupe ya nje ya gogo haina ulinzi huo hata ikitoka kwenye mti ule ule, na ndiyo inayoliwa kwanza. Unaponunua, geuza kila ubao. Wenye weupe mwingi ukatae kwa matumizi ya nje. Msaji na mvule zina mafuta ya asili yanayochelewesha mpako kukauka. Zifute kwa asetoni au tina kwa kitambaa safi, kisha upake ndani ya saa moja au mbili kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Paini na mikaratusi lazima ziwe zimetiwa dawa kwa mgandamizo kiwandani. Ile ya rangi ya kijani ina shaba, kromiamu na aseniki. Vipande vyake visichomwe, hata kwa kuchoma mahindi, na vumbi lake lisivutwe. Mbao hizi mara nyingi hufika zikiwa zimeloa. Zipange kivulini kwa vijiti vya sentimita 2 katikati ya kila safu, hewa ipite, na usubiri wiki 4 hadi 8 kwa ubao wa unene wa milimita 25 wakati wa ukavu. Kila unapokata, umefungua sehemu ambayo pengine dawa haikufika: paka dawa ya shaba kwa brashi mara mbili kwenye mkato kabla ya kufunga.

Mpako si dawa ya mchwa. Hautawazuia hata siku moja. Kinachowazuia ni kuwaona: acha walau sentimita 15 za zege au chuma kati ya udongo na ubao, ili njia zao za matope zionekane zinapopanda.

Kabla ya kufungua kopo

Makosa mengi yanayolaumiwa kwa rangi ni ya ujenzi. Nguzo iliyozikwa ndani ya zege lenye umbo la bakuli inakaa kwenye beseni la maji. Iweke juu ya kiatu cha chuma, au inua zege liwe na mteremko wa kutoa maji. Vichwa vya nguzo vikatwe kwa mshazari au vifunikwe kwa bati. Mbao za uzio ziishie sentimita 5 hadi 10 juu ya udongo. Kati ya mbao za sakafu acha milimita 5 hadi 6 kama zimekauka. Kama bado zina maji, milimita 3 zinatosha, maana zitasinyaa. Chini ya baraza hewa ipite, angalau sentimita 30 za uwazi, na pasiwe ghala la makopo na makuti.

Misumari ya kawaida ikikutana na mbao zenye tanini, asidi ya asili ya mti, hasa mninga na mkongo, huacha machozi meusi. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Ukiwa karibu na bahari chagua gredi 316, kwa sababu 304 hupata madoa ya kahawia kwa chumvi. Zile zilizopakwa zinki nyembamba inayong'aa hazimalizi mwaka ufukweni. Kama bajeti imebana, zilizochovywa kwenye zinki ya moto, zile za kijivu na zenye uso wa kukwaruza, ndizo za kuchagua.

Sasa unyevu. Kifaa cha kupimia kikisoma asilimia 18 au chini, endelea. Kwa vanishi na rangi za mafuta, lenga 16. Ukikosa kifaa, tumia mizani ya jikoni. Kata kipande cha upana wa sentimita 2.5 kutoka kwenye ubao, si karibu na mwisho wake bali sentimita 30 ndani. Kipime. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103, ukipima kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 50 na kuishia 43, kimepoteza gramu 7. Gawanya 7 kwa 43, unapata asilimia 16. Mizani isiyosoma gramu haifai kwa kazi hii.

Kusafisha

Ubao wa zamani una vitu vitatu vinavyofanana kwa macho: ukungu, uchafu na doa la chuma. Dondoshea tone la jiki. Doa likififia ndani ya dakika moja au mbili, ni ukungu. Likibaki jeusi, ni uchafu, au ni chuma.

Kwa ukungu, changanya jiki sehemu 1 na maji sehemu 2, ongeza kijiko cha sabuni ya maji isiyo na amonia kwa kila lita. Loanisha mimea ya jirani kwa maji kwanza. Paka kutoka chini kwenda juu ukiwa uzioni, acha dakika 10 hadi 15 bila kuruhusu pakauke, sugua kwa brashi ya nailoni kufuata nyuzi, kisha suuza kwa maji mengi. Usitumie brashi ya waya za chuma. Vipande vyake vitabaki kwenye nyuzi na kushika kutu. Kupaka juu ya ukungu bila kuuua ni kazi bure: utachipua kupitia mpako mpya baada ya wiki chache.

Kwa doa la chuma na ubao uliogeuka kijivu, tumia asidi oksaliki, gramu 60 hadi 100 kwa lita ya maji ya vuguvugu. Vaa glavu na miwani. Acha dakika 15, suuza mara mbili. Asidi hii isikutane kamwe na jiki: gesi inayotoka hudhuru mapafu. Maliza na jiki, suuza, acha siku nzima, ndipo uje na asidi.

Mashine ya kuosha kwa mgandamizo inaharakisha kazi na kuharibu ubao kwa wakati mmoja. Kwenye paini, ipunguze hadi bari 70, pua ya upana wa nyuzi 40, umbali wa sentimita 30. Ukiona nyuzi zinasimama kama manyoya, umezidisha.

Nyumba zilizo ufukweni zina kazi ya ziada. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili au Mei hivi, hupeperusha chumvi kwenye pwani zinazoitazama, kama Diani, Paje na Jambiani. Chumvi hunyonya unyevu hewani na kuufanya ubao uonekane mkavu ilhali haujakauka. Osha kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, siku mbili au tatu kabla ya kupaka, si asubuhi ya siku ile ile.

Baada ya kukauka, piga msasa. Namba 60 kwa ubao uliokwaruzika, kisha 80, na ukomee hapo. Mbao ngumu unaweza kwenda 100. Mazoea ya fundi wa fanicha ya kufika 220 ni kosa kwenye baraza: uso unakuwa laini kiasi cha kukataa mafuta, na ukiloa unateleza.

Jaribio la mwisho ni matone ya maji. Yakinyonywa ndani ya dakika moja, ubao uko tayari. Yakisimama kama shanga, kuna mpako wa zamani au mafuta yaliyobaki. Rudi kwenye msasa.

Kiasi gani cha kununua

Chukua uzio wa mita 20 wenye kimo cha mita 1.8. Upande mmoja ni mita za mraba 36, pande mbili 72. Mbao za msumeno zisizopigwa randa hunywa sana: lita moja hufunika mita 6 hivi kwa mkono wa kwanza na 10 kwa wa pili. Hiyo ni lita 12 na lita 7.2. Nunua ndoo ya lita 20, au ukinunua makopo madogo changanya yote kabla ya kuanza, kwa sababu rangi ya kopo moja na jingine haziwi sawasawa.

Baraza ya mita 4 kwa 3, mbao za upana wa milimita 100 na unene wa 25, ina juu mita 12, chini 12, na ubavu 6, jumla 30. Ubao uliopigwa randa hufunikwa kwa lita moja kila mita 10. Mkono wa kwanza pande zote ni lita 3. Wa pili, juu na ubavuni tu, lita 1.8. Galoni ya lita 4 na kopo la lita 1 vinatosha, na baki itumike kwenye vichwa vya mbao.

Vichwa hivyo ndivyo vinavyosahaulika na ndivyo vinavyooza kwanza. Nyuzi za mti ni mirija, na zilipokatwa midomo imebaki wazi, ikinyonya maji kwa kasi kubwa mno kuliko uso wa ubao. Chovya kila kichwa kwenye kopo kwa dakika chache, au kipake mara tatu mfululizo mpaka kiache kunywa. Upande wa chini pia upakwe kabla mbao hazijafungwa. Ubao uliopakwa juu tu unapokea unyevu kutoka chini na kujikunja kingo juu, kama sahani.

Siku ya kupaka

Wakati bora ni kati ya mwisho wa Juni na Septemba, masika ikiwa imeisha na vuli haijafika. Januari na Februari panawezekana, ila jua la kaskazi hukausha mafuta juu kabla hayajaingia ndani. Anza saa tatu asubuhi umande ukiwa umetoweka, koma saa tisa alasiri ili mpako upate saa tatu kabla hewa haijaanza kupoa. Fuata kivuli kinavyosogea. Ubao usioshikika kwa kiganja kwa sababu ya joto usipakwe.

Koroga kopo mpaka chini, kila dakika 15, kwa maana chembe za rangi huzama. Shika mbao mbili au tatu kwa wakati mmoja na uzimalize kwa urefu wote, mwanzo hadi mwisho. Ukiacha katikati, palipokutana brashi mbili patabaki mstari mzito ambao hautoki. Rola au bomba la kunyunyizia ni la kusambazia tu. Brashi ipite nyuma kuusukuma mpako ndani ya nyuzi.

Baada ya dakika 15 hadi 20, futa mafuta yote yaliyobaki juu kwa kitambaa. Hapa ndipo watu wanapoharibu, wakidhani kingi ni bora. Mafuta yasiyoingia hayana kazi: yananata, yanashika vumbi, yanang'aa kwa mabakamabaka, kisha ukungu unayakalia. Mkono wa pili upakwe kama kopo linavyoagiza, lakini katika hewa nzito ongeza nusu ya muda ulioandikwa. Mbao ngumu kama mkongo mara nyingi hazinywi mkono wa pili, usizilazimishe.

Vitambaa vyenye mafuta ya kukauka, hasa ya kitani, hujipasha joto vyenyewe na kuwaka moto bila kiberiti vikikunjwa pamoja. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikauke vikakamae, au uvizamishe kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Utunzaji

Fagia majani kila wiki. Jani lililolala kwenye mwanya kati ya mbao ni sponji. Vyungu vya maua viwe na miguu. Kila mwezi piga deki kwa maji baridi na sabuni kidogo, na ufukweni fanya hivyo kila wiki wakati wa kusi. Ukijani unaoteleza kwenye upande wa kivuli ni mwani: mchanganyiko ule ule wa jiki unauondoa, na ukipogoa tawi linaloziba jua utakuwa umeutibu zaidi.

Mwagia maji kidogo kila mwisho wa mvua. Yakiendelea kusimama kama shanga, mpako uko hai. Yakipenya na kuacha doa jeusi la unyevu, umefika wakati. Kwa baraza isiyo na paa hiyo ni kati ya miezi 9 na 12. Kwa uzio wa mafuta, miaka 2 hivi. Uzio wa akriliki, miaka 3 hadi 5, na upande unaotazama magharibi utatangulia kuchoka. Ukiwahi, kazi ni kuosha, kusubiri siku mbili kavu, msasa mwepesi, mkono mmoja. Ukichelewa mpaka ubao ugeuke kijivu, unaanza upya na asidi.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, chukua bisibisi na uchome nguzo za uzio pale zinapokutana na udongo, na boriti za baraza pale zinapokalia zege. Ubao mzima unakataa na kutoa sauti kavu. Bisibisi likizama zaidi ya milimita 5 bila nguvu, weka kopo pembeni: nguzo hiyo inahitaji kubadilishwa, na rangi mpya itaficha tu uozo mpaka siku mtu atakapoiegemea.